Bata wa Oregon na jezi zao 384

Wadau, leo naomba tuiache ligi yetu kidogo twende Marekani, kwenye mpira wao ule wa kubeba mikononi na kugongana vichwa. Najua wengi wenu hamuupendi. Lakini kuna timu moja ya chuo kikuu kule ambayo mwana Yanga akiiona mara ya kwanza atadhani ni ya kwao, maana rangi zake ni kijani na njano. Ni timu ya Chuo Kikuu cha Oregon, na historia ya jezi zake ina kisa ambacho sisi waandishi wa michezo tunapita juu yake kila siku. Tunasema jezi ni mali. Hatuulizi ni mali ya nani.

Kwanza tuwekane sawa. Kule Marekani timu ya chuo si kama zile bonanza zetu za vyuo ambapo mashabiki ni wenzako wa bweni na mama ntilie. Uwanja wa Oregon, unaoitwa Autzen, ulifunguliwa mwaka 1967 na una viti kama 54,000. Upo Eugene, mji wa kawaida tu, wenye mvua nyingi. Mechi zinaonyeshwa na televisheni za taifa, kocha analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na wachezaji ni wanafunzi. Kwa miaka mingi wanafunzi hao walipewa ufadhili wa masomo, chakula na malazi, basi. Mshahara ulikuwa mwiko. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Chuo kilianza mwaka 1876 na timu ya kwanza ikaundwa 1894. Jezi za zama zile hazina mengi ya kusimulia. Zilikuwa sweta nzito za sufu, zikinyeshewa zinakuwa mzigo, na mchezaji hakuwa na namba mgongoni. Ukikaa jukwaani ulimtambua mtu kwa umbo lake au kwa mwendo wake. Sheria ya kuweka namba mbele na nyuma kwa timu zote za vyuo ilikuja mwaka 1937, na ya kulazimisha kofia ngumu ikaja 1939. Ndiyo, kabla ya hapo mtu angeweza kuingia kugongana na wenzake akiwa kichwa wazi! Oregon ilishinda Rose Bowl, ile mechi kubwa ya Mwaka Mpya inayochezwa Pasadena, California, Januari 1, 1917, kwa kuifunga Pennsylvania 14-0. Ushindi huo wekeni akiba pembeni, maana wajukuu wa mashabiki wale walizeeka wakiusubiri mwingine.

Sasa tuje kwenye bata. Watu wa Oregon walikuwa wanaitwa kwa utani "miguu ya bata" kwa sababu ya mvua zao, na jina likahamia kwa timu. Mwaka 1947 mkurugenzi wa michezo wa chuo, Leo Harris, alikutana na Walt Disney mwenyewe, wakaongea, wakapeana mikono. Makubaliano yalikuwa kwamba Oregon iruhusiwe kumtumia Donald Duck kama nembo yake. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Disney alipofariki Desemba 1966, kampuni yake ikaanza kupekua mafaili, mkataba haupo. Wakauliza, nyie mnamtumia bata wetu kwa idhini ya nani? Harris akatoa picha. Yupo yeye na Walt Disney wamesimama pamoja, wote wamevaa koti lenye Donald wa Oregon kifuani. Picha ile ndiyo ikawa ushahidi, na mkataba wa maandishi ukapatikana mwaka 1973. Mimi katika kisa hiki chote hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Nguo aliyovaa mtu kwenye picha iliokoa nembo ya timu.

Miaka iliyofuata jezi zilikuwa za kijani au nyeupe, suruali za njano, na kwenye kofia herufi U na O zimeshikana. Zilikuwa jezi za heshima, zisizomshangaza mtu. Na timu nayo haikuwa inamshangaza mtu. Novemba 19, 1983 Oregon ilicheza na jirani zake wa Oregon State kwenye mvua, wakaangushiana mipira huku na huku mpaka dakika za mwisho, matokeo 0-0. Katika mchezo ambao pointi hupatikana kwa makumi, sare ya bila kufungana ni maajabu, na hiyo ndiyo ya mwisho katika daraja la juu la vyuo. Mashabiki waliibatiza jina la chooni ambalo sitalitafsiri hapa.

Kisha ukaja mwaka 1994. Oktoba 22 Oregon walikuwa wanaongoza 24-20 dhidi ya mahasimu wao Washington, na Washington walikuwa hatua chache kutoka mstari wa kufungia. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, Kenny Wheaton, akaruka mbele ya mpokeaji, akaunyakua mpira na kukimbia nao yadi 97 mpaka upande wa pili. Matokeo, 31-20. Alikuwa amevaa jezi ile ya kijani, suruali ya njano, kofia ya njano yenye UO. Picha ya mbio zile imeonyeshwa kwenye skrini ya Autzen kabla ya mechi za nyumbani miaka nenda rudi. Msimu ule waliingia Rose Bowl, wakafungwa na Penn State 38-20, lakini angalau walifika. Penn State, kwa taarifa yenu, walivaa bluu na nyeupe, bila jina la mchezaji mgongoni, kama babu zao walivyovaa. Kwao huo ndio ulikuwa ufahari.

Jezi ya Wheaton ndiyo ya mwisho kabla mambo hayajageuka, na aliyeyageuza anaitwa Phil Knight.

Knight alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati pale Oregon, akamaliza chuo mwaka 1959. Kocha wake wa riadha, Bill Bowerman, alikuwa na ugonjwa wa kutengeneza viatu, haridhiki na kiatu chochote cha dukani. Mwaka 1964 wawili hao walichanga dola 500 kila mmoja, wakaanza kuuza viatu vya Kijapani. Kampuni hiyo ndiyo baadaye ikawa Nike. Nembo yake ile ya alama ya vema ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi wa usanifu, Carolyn Davidson, kwa dola 35.

Januari 1, 1996 Oregon walichapwa 38-6 na Colorado kwenye Cotton Bowl. Knight, ambaye wakati huo tayari ni tajiri wa kutisha, alimuuliza kocha Mike Bellotti anahitaji nini ili timu ipande. Jibu lilikuwa jengo la kufanyia mazoezi ndani, mvua isiwasumbue. Jengo likafunguliwa 1998. Lakini jengo peke yake haliwezi kumvuta kijana wa miaka 17 kutoka Los Angeles au Houston. Jimbo la Oregon lenyewe lina watu kama milioni nne tu na halizalishi wachezaji wa kutosha, hivyo kila mwaka kocha lazima apande ndege kwenda kuwaomba watoto wa watu waje kuishi kwenye mvua. Alabama akienda kwa kijana anabeba makombe. Notre Dame anabeba historia. Oregon ilikuwa inabeba nini? Bata?

Hapo ndipo Nike ikaamua kwamba Oregon itabeba jezi.

Kazi alipewa Tinker Hatfield, mwanafunzi mwingine wa zamani wa Bowerman. Alikuwa mruka upondo, akasomea usanifu majengo, na ndiye aliyebuni viatu vya Air Jordan III ambavyo vijana wa mjini mnavijua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zile U na O zilizoshikana zikaondolewa, ikabaki O moja. Ukiitazama vizuri, umbo lake la ndani ni la uwanja wa riadha wa Hayward Field na la nje ni la Autzen. Kijani kikawa cha giza, njano ikawa kali, na baada ya muda ikafikia ukali wa zile fulana za wafanyakazi wa barabarani. Wazee wa Eugene walichukia. Vijana walipenda, na aliyekuwa analengwa ni kijana.

(Kwa kuwa nimetaja Hayward Field, hapo ndipo Mkenya Edward Cheserek alipotamba akiwa na O hiyohiyo kifuani. Kati ya 2013 na 2017 alitwaa mataji 17 ya vyuo vya Marekani. Naye kama wenzake hakuruhusiwa kusaini na kampuni ya viatu mpaka amalize. Alipomaliza, akaenda zake Skechers. Nike nao siku hiyo waliumia kidogo, nadhani.)

Mwaka 2001 walitundika picha ya mchezaji wao Joey Harrington kwenye ubavu wa jengo katikati ya New York, bango la ghorofa kumi lililogharimu dola 250,000. New York, kilomita kama 4,000 kutoka Eugene! Lengo lilikuwa kumpigia kampeni ya tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Alishika nafasi ya nne, lakini nchi nzima ilikuwa imeijua timu. Januari 1, 2002 wakakutana tena na Colorado, safari hii wakawafunga 38-16.

Mwaka 2006 ndipo ikaja ile hesabu ya 384. Msieleweshwe vibaya, si jezi 384 zilizoning'inizwa kabatini. Ni michanganyiko. Ukichukua kofia za rangi tofauti, jezi za rangi tofauti, suruali, soksi na viatu, ukazizidisha, unapata mavazi 384 yasiyofanana. Mabegani na magotini waliweka mchoro wa bati la vinundu, lile la kwenye ngazi za malori. Kwa maoni yangu ilikuwa jezi mbaya kuliko zote walizowahi kuvaa. Mwaka 2009 bati likaondoka, yakaja mabawa mabegani, na hayo nayakubali mpaka leo. Bata lazima awe na mabawa, na ukimwona mchezaji kwa nyuma akikimbia unaelewa mchoraji alitaka nini.

Ilifika mahali watu wanafungua televisheni Jumamosi kuangalia Oregon wamevaa nini, kabla hawajauliza wanacheza na nani. Januari 10, 2011 walicheza fainali ya taifa dhidi ya Auburn, wamevaa nyeupe na kijivu huku soksi na viatu ni njano ya kuumiza macho. Wakafungwa 22-19 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2, 2012, wakaingia Rose Bowl na kofia zinazong'aa kama bampa la gari jipya, unaweza kujitazama usoni. Safari hii wakashinda, 45-38 dhidi ya Wisconsin. Ilikuwa Rose Bowl ya kwanza kuitwaa tangu ile ya 1917. Miaka 95. Oktoba 2013 walivaa kofia za waridi kuchangia mapambano dhidi ya saratani. Na fainali ya Januari 12, 2015 dhidi ya Ohio State waliingia wakiwa nyeupe na kijivu, bila kijani, bila njano ya shule, wakalala 42-20. Hapo hata baadhi ya waliokuwa wanaitetea Nike walinyamaza. Timu inafika fainali ya taifa, halafu mtu wa masoko anaamua isivae rangi zake? Hebu fikiria Yanga wanacheza fainali wamevaa kijivu.

Wengine waliiga. Chuo cha Maryland, ambako Kevin Plank mwenye kampuni ya Under Armour alichezea, kiliingia uwanjani Septemba 2011 na mavazi yaliyokatwa kutokana na bendera ya jimbo lao, nusu hivi nusu vile, na mtandaoni hapakukalika. Mfano ni uleule wa Oregon. Mhitimu mwenye kampuni ya nguo, na timu ya chuo chake kama dirisha la duka.

Sasa turudi kwa aliye ndani ya jezi.

Wakati Oregon wanabadilisha mavazi kila wiki, mwaka 2010 mchezaji wa Georgia, A.J. Green, aliuza jezi yake aliyoichezea kwenye mechi ya mwisho wa msimu. Ilikuwa yake, alipewa. Aliiuza dola 1,000. Akafungiwa mechi nne. Duka la chuo chake likaendelea kuuza jezi zenye namba 8, namba yake, kwa yeyote mwenye pesa. Desemba mwaka huohuo wachezaji watano wa Ohio State walifungiwa mechi tano kila mmoja kwa kuuza vitu vyao vya michezo, kukiwa na pete za ubingwa na jezi, na kupata huduma ya kuchorwa tatuu. Kocha wao, aliyejua na kukaa kimya, alijiuzulu Mei 2011.

Utetezi wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ulikuwa kwamba jezi zinazouzwa hazina jina, zina namba tu, kwa hiyo si za mtu. Agosti 2013 mchambuzi wa televisheni Jay Bilas alifanya jambo ambalo mwandishi yeyote angetamani kulifanya yeye. Aliingia kwenye duka la mtandaoni la NCAA, akaandika jina la mchezaji kwenye kisanduku cha kutafutia. Akaandika Manziel, ikaja jezi namba 2 ya Texas A&M. Akaendelea na majina mengine, duka likamletea jezi yenye namba ya kila mmoja. Kumbe mashine ilikuwa inawajua kwa majina muda wote! Ndani ya siku chache NCAA ikatangaza kuacha kuuza jezi hizo.

Kuna na Ed O'Bannon, aliyechezea kikapu UCLA. Alijiona kwenye mchezo wa kompyuta, rangi yake, mkono wake wa kushoto, namba yake ya jezi, jina halipo na senti hapati. Alifungua kesi mwaka 2009, na Agosti 2014 Jaji Claudia Wilken akaamua kwamba sheria za NCAA zilikiuka sheria za ushindani. Juni 21, 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi nyingine iitwayo Alston, iliishinda NCAA kwa kura 9-0. Siku kumi baadaye, Julai 1, wanafunzi wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao.

Mnadhani nani alikuwa mbele? Mwaka huohuo Phil Knight na wenzake waliowahi kuwa wakubwa pale Nike walianzisha kampuni iitwayo Division Street, ya kuwasaidia wanamichezo wa Oregon kutengeneza pesa kwa majina yao. Mzee aliyetumia jezi kuwavuta vijana kwa zaidi ya miaka 20 hakuhitaji kuelezwa mara mbili kwamba chambo kimebadilika.

Sidharau alichofanya kwa chuo. Mwaka 2016 yeye na mkewe waliahidi dola milioni 500 kwa ajili ya kituo cha sayansi, na hiyo ni pesa ya maabara, si ya soksi za njano. Ila ukihesabu kuanzia zilipokuja jezi zenye O mpaka Julai 2021, ni zaidi ya miaka 20 ya vijana walioingia na kutoka pale, wamepigwa picha wakiwa na mabawa, bati na vioo vichwani, na karibu wote hawakuingia ligi ya kulipwa. Walichoondoka nacho ni cheti, kwa waliomaliza, na magoti yanayouma.

Mwaka 2014, walipocheza na Washington nyumbani, Oregon walitoa kabatini mavazi ya 1994, kofia ya njano na UO zake zilizoshikana, kwa heshima ya Wheaton na wenzake. Wakashinda 45-20. Mashabiki walishangilia jezi ileile ambayo Nike iliiona haifai kumvutia mtu.

Juni 6, 2025 Jaji Wilken, yuleyule wa kesi ya O'Bannon, aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza kiliwekwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja, kwa michezo yote, kuanzia Julai 1. Kocha wa Oregon akipanda ndege siku hizi bado anabeba picha za kofia mpya, lakini kijana na mama yake wanaanza kwa kuuliza kilichoandikwa kwenye karatasi nyingine.